Kikombe Kilichoonjwa Mbele Yangu

Katika daftari langu la wakati ule niliandika hivi tu: "Nimedharauliwa kwa Wahehe." Juzi nimeyasoma maneno hayo, na si ya kweli. Nitaeleza ilivyokuwa, kadiri ninavyokumbuka; shule niliishia darasa la nne, kupanga maneno sina hakika nako.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa mvua. Mimi Mnyakyusa, nilitoka upande wa Mbeya kwenda kuchuma chai Mufindi. Huko nikampenda binti wa Kihehe aliyekuwa akija kambini kumtembelea dada yake. Akakubali niende kwao, karibu na Iringa, nikajieleze kwa baba yake. Mshenga wangu alikuwa mwenzangu wa kazi, Mhehe, mtu wa mizaha. Njiani alinicheka kwamba sisi tunanyonya pombe kwa mirija kama ndama, leo nitafundishwa kunywa kama watu. Nami nilicheka.

Mzee alitupokea vizuri. Sina budi kulisema hilo. Aliniita mwanangu, akauliza habari za wazazi wangu, mmoja mmoja, hata za ng'ombe. Kisha ukaletwa ulanzi, ile pombe yao ya utomvu wa mianzi. Mzee akajaza kikombe cha kibuyu, akakiinua, nami nikanyoosha mikono miwili kupokea. Akanywa yeye. Akafika karibu nusu, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akanipa kilichobaki.

Kwa baba yangu, chungu cha pombe kikiwekwa katikati, mrija wa kwanza ni wa mgeni. Sisemi ni hivyo kwa Wanyakyusa wote, nasema kwa baba yangu. Basi nikaona mzee ananipa makombo, ili nijue mapema kwamba binti yake simwezi. Mshenga akanikanyaga mguu. Nilidhani ananiambia nisikubali.

Nikakiweka kikombe chini. "Baba, nisamehe," nikasema. "Hicho siwezi kunywa."

Mzee alikitazama kikombe, akakichukua, akanywa chote, akakipindua tuone kimekauka. Nikazidi kukasirika, nikidhani ananidhihaki.

Tulipofika barabarani mshenga hakuwa na mzaha tena. "Umemwambia mzee wa watu kuwa ni mchawi," akasema.

Ndipo akanieleza. Kwao mwenyeji huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni ajue hamna sumu. Ukikataa baada ya hapo, ni kama kusema: hata nimekuona ukinywa, bado sikuamini. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza kabla. Alisema alifikiri hata kwetu ni hivyo. Nimemlaumu miaka mingi, lakini mimi nami sikumuuliza.

Tulilala kwa ndugu zake. Asubuhi nikarudi peke yangu kuomba radhi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yamekwisha, ugeni una mambo. Moyo wangu ukatulia. Kisha akamwita binti, akamwagiza achemshe chai palepale uani. Maji yalimiminwa nikiona, yakachemka nikiona, majani yakatiwa nikiona. Binti alifanya yote bila kuniangalia. Kikombe kilikuwa kimoja.

Nikamngoja mzee aonje. Nilingoja mpaka mvuke ukaisha juu ya kikombe.

"Kunywa, mgeni," akasema. "Umeona yote mwenyewe."

Nikanywa. Ilikuwa chai tupu, chungu. Sidhani kama alininyima sukari kwa makusudi; nyumba nyingi siku zile hazikuwa nayo. Mzee alikaa nami mpaka nikamaliza, akauliza kama barabara ya Mufindi ilikuwa inapitika kwa mvua ile. Nikamwambia inapitika. Posa sikuitaja, wala yeye hakuniuliza nilichokuwa nimefuata pale.