Picha ya Kisogo

Wateja walimwita Vidole. Walisema ukikaa kwenye kiti chake ukaanza kumsema mumeo, kichwa kitaisha kabla maneno hayajaisha. Alikuwa na saluni ya chumba kimoja: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa, na kikausha nywele kilichonguruma kama mashine ya kusaga. Kila kichwa alichokisuka alikipiga picha na kuiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Wateja wake wengi walitoka huko.

Asubuhi moja mdogo wake alibisha hodi akiwa na mfuko wa nguo na binti yake wa miaka mitano. Shingoni, chini ya sikio la kushoto, mdogo wake huyo alikuwa na kovu la pasi. Vidole alitandika godoro, akasema, "Hapa ni kwenu."

"Dada, nakuomba kitu kimoja tu," mdogo wake alimwambia. "Asijue mtu nilipo. Hata mama mwambie niko salama, basi. Mama hajui kudanganya, akiulizwa ataanza kulia."

"Mimi ni kaburi," Vidole akajibu.

Mdogo mtu alikuwa ameshabadilisha namba na kufuta kurasa zake zote, na mumewe hakuwahi kufika kwa shemeji yake. Kwa miezi mitano aliosha nywele za wateja akiwa amejifunga kilemba, na taratibu akaanza kucheka. Ijumaa moja wateja walipokosekana, alikaa mwenyewe kwenye kiti.

"Nisuke basi, dada. Nimechoka kufanana na mgonjwa."

Vidole alimsuka kwa saa nne, mistari myembamba kama uzi, ikipanda kutoka shingoni na kukutana utosini. Hakuwahi kusuka vizuri hivyo. Akasimama nyuma yake, akapiga picha.

"Dada! Hiyo ni ya kwako mwenyewe, siyo?"

"Ya kwangu. Tena kisogo tu, jamani. Kisogo kina jina?"

Jioni aliiangalia tena na tena. Sura haipo, jina halipo. Akaiweka mtandaoni. Chini ya picha simu yake iliandika yenyewe jina la saluni na la mtaa, kama ilivyofanya kwa picha zake zote. Alishazoea, hata hakuliona.

Watu mia mbili waliisifia. Mmoja wa walioiona hakusema kitu. Alilijua lile kovu kuliko daktari yeyote, maana ndiye aliyeliweka.

Jumatatu saa tano asubuhi alisimama mlangoni. "Shemeji, hujambo," alisema kwa upole, kama mtu aliyepita kusalimia. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini. Hakupiga kelele. Alijikojolea.

Mwanamume akamruka mtoto, akamshika mkewe kwa ile misuko mipya, akaanza kumburuta kuelekea nje. Vidole alimpiga kwa kiti. Fundi viatu wa chumba cha pili akatokea na nyundo mkononi, nyuma yake wanawake watatu waliokuwa wakipita. Hapo ndipo alipomwachia. Akakung'uta shati lake.

"Sawa. Sasa mlango nimeujua."

Kwenye kituo cha polisi waliandikiwa karatasi na kuambiwa wapige simu wakimwona tena. Waliporudi, mdogo mtu aliuliza, "Alijuaje?" Vidole alimpa simu, ukurasa ukiwa wazi. Mdogo wake aliitazama picha, akasoma maandishi ya chini, akairudisha simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha watu.

"Uliniambia ni ya kwako," alisema.

"Angenitukana ningepona," Vidole alimwambia fundi viatu baadaye.

Alasiri ileile gari la chama cha wanawake kinachowaficha wanaokimbia vipigo lilikuja kuwachukua. "Sitakuambia niendako, dada. Si kwamba nakuchukia. Nitakuwa nakupigia kwa simu za watu, lakini usizipigie." Mtoto alitoa kichwa dirishani. "Mama mkubwa, wewe huji?"

Vidole alifuta ukurasa wote, miaka sita ya vichwa. Akazima ile sehemu ya simu inayotangaza mahali ulipo. Wateja wakapungua. Kila alipotaka kumpiga mmoja wa waliobaki picha ya kuweka kwenye albamu ya saluni, aliuliza kwanza, "Kuna mtu anayekutafuta?" Wengi walicheka. Wachache hawakucheka, na hao hakuwapiga picha.

Miezi minane baada ya hapo, mama yao alifariki ghafla. Ndugu wakasema tangazo liwekwe mtandaoni, likitaja na mahali pa mazishi, ili mdogo mtu alione popote alipo.

"Hapana," Vidole akasema. "Akiliona yeye, na yule ataliona. Atakwenda kumsubiri makaburini."

"Una roho ngumu," mjomba akamwambia mbele ya watu. "Unamnyima mwenzio kumzika mama yake!"

Tangazo halikuwekwa, wakamzika mama. Hata bila tangazo, habari ilikuwa imetembea kwa midomo. Wakati udongo unarudishwa, Vidole aliinua macho akamwona yule bwana ng'ambo ya barabara, ameegemea ukuta, akizikagua nyuso za wanawake moja baada ya nyingine. Kumbe alikuwa sahihi. Usahihi huo haukumfuta chozi hata moja.

Siku kumi na tisa baadaye, namba ngeni ilimpigia akiwa anafagia saluni.

"Dada, nina dakika chache. Mama hajambo? Nimemwota."

Vidole alikaa sakafuni, akamwambia.

"Nani alimwandaa?"

"Mimi."

"Ulimsuka?"

"Nilimsuka."

"Ulimsukaje?"

Vidole akaanza kumweleza: alivyozichana mvi zake polepole, alivyozigawa katikati, mistari mitano huku, mitano huku. Alipofika mstari wa saba, muda wa maongezi uliisha na simu ikakatika. Aliishika sikioni, akaimalizia ile mitatu kwa sauti.