Prosesa Iliyoombewa Kabla ya Kuwashwa

Mimi shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo kanisa letu hapa Nunguni liliponichagua ninunue prosesa mpya ya kompyuta inayoonyesha nyimbo ukutani, nilitembea kifua mbele.

Dukani nilipata mbili, jina moja, nambari moja, ila moja ilikuwa na herufi F mwishoni. Muuzaji, nisimsingizie, aliniuliza, "Mko na kadi ya picha kando?" Nikasema tunayo, nisionekane mshamba. Nikachukua yenye F.

Mutheu, anayetupigia kinanda, aliiona. "Hiyo F ni ya nini?"

"Ni ya fast, dada. Wewe shughulika na kinanda."

Niliifunga kwa mikono yangu bila kuvunja kitu, na hilo najivunia mpaka leo. Sikuijaribu, kwa sababu kwetu kifaa kipya hakiwashwi kabla pasta hajakiombea.

Jumapili kikaombewa mbele ya watu wote, nikabonyeza. Feni ikazunguka vizuri sana. Ukutani hakukutokea hata neno moja.

"Ndugu Kyalo, tuombe tena?" pasta akauliza.

Mutheu alikuwa ameinamia simu yake. "Pasta, maombi hayana shida. Prosesa ya F haitoi picha yenyewe, mpaka iwekewe kadi. Kyalo, kadi iko wapi?"

Kanisa lote likanigeukia. Nikasimama, koti langu nimelifunga vifungo vyote.

"Kadi hakuna," nikasema. "Lakini si mnasikia vile feni inazunguka?"