Kura Iliyomponyoka Verna Ouellette

Hamtaniamini, wala sijali. Waliosoma kunizidi ndio wazito zaidi wa kuelewa.

Shemeji yangu Verna Ouellette, nesi mstaafu, ameuza bangi ya dawa miaka tisa hapa Harmon Mills, jimbo la Maine. Wateja wake ni wagonjwa wa saratani na wakata magogo waliovunjika migongo, kila mmoja na cheti cha daktari. Lakini mji wa ng'ambo ya mto uliporuhusu bangi ya starehe, nani tena ahangaike na cheti? Wakamkimbia. Jimbo lilikuwa radhi kumpa leseni amuuzie mtu mzima yeyote, mradi mji wetu ukubali kwanza. Ukikataa, anafunga duka.

Kwetu mambo hayo huamuliwa na wakazi wenyewe kila Machi, ukumbini, kwa kuinua kadi za kijani. Verna hata hajamaliza kusalimu, Harlan Bickford, muuza matrekta mwenye shingo ya fahali, akamkatiza.

"We mama, unataka kuwavutisha wajukuu zetu?"

"Wako anavuta tayari, Harlan. Kule ng'ambo hawamuulizi kitambulisho. Mimi ningemuuliza."

"Muuza sumu!"

"Sumu uliyoifuata mwenyewe kiuno kilipokukatika, kofia umeivuta hadi puani!"

Wakamzomea. Bibi mmoja, kwa sababu tu ya lile jina la Kifaransa, akampigia kelele arudi kwao Kanada, na Verna kazaliwa mtaa wa pili kutoka hapo!

Sasa, Harlan ni mshenzi lakini si mjinga. Akatulia mpaka kina mama wa kanisa, wanaotupikia chakula cha mchana, walipofungua mlango wa jikoni, harufu ya maharage na pai za tufaha ikatuvamia. Palepale akadai kura ipigwe. Watu wa Verna walikuwa wameshatimkia foleni ya chakula, wa Harlan wamebaki vitini, maana pai za kwetu hazimsubiri mtu. Waliomkubali sitini, waliomkataa sitini na mmoja. Ingekuwa sare, angeamua mwenyekiti, naye alikuwa upande wa Verna. Kura moja tu!

Lakini msinilaumu mimi. Mimi nilisimama mstari wa mbele, kadi juu kama bendera, nikanguruma mpaka vioo vikatetemeka, Harlan akapiga magoti mbele yangu, machozi yakim—

"Clayton! Mwongo mkubwa wewe!" Verna huyu hapa nyuma yangu, anasoma ninavyoandika. "Ulikuwa wa tatu kwenye foleni ya pai, sahani mkono huu na huu. Futa hayo, shemeji, uandike hivyo."