Aliyetupeleka kwa Korongo wa Luberizi

Habari ya msiba ilinikuta sokoni Kadutu, nikichagua maharagwe. Yule maman aliyefundisha jiografia katika lise moja, shule ya sekondari ya hapa mjini, ambaye wengi wenu mlimwona akipita na buti za mpira, darubini shingoni na ramani kwapani, ametutoka. Aliugua kwa muda, akafariki asubuhi nyumbani kwake, watoto wake wakiwa kando yake. Aliyenieleza ni muuza maharagwe, mwanafunzi wake wa zamani. Alicheka: "Ule maman alitutembeza! Alisema mutu hawezi jua fasi mpaka viatu yake ikamate matope." Tukacheka wote wawili, huku yeye akifuta machozi kwa kitenge. Nadhani hivyo ndivyo marehemu angetaka tumlilie.

Nilimfahamu baada ya kustaafu kwake, alipoanza kutupeleka Jumamosi kutazama ndege na wanyama. Safari zake zilianzia mezani. Alitandaza ramani ya zamani, akatafuta mahali kinamasi kinapogusana na mashamba, akasoma namba za miraba pembeni, za kwenda mashariki kwanza, za kupanda kaskazini baadaye, halafu akaziingiza katika kifaa chake cha GPS, kidogo kama kipande cha sabuni. Mara yangu ya kwanza tulishuka hadi karibu na Luvungi kutafuta viboko wa mto Ruzizi. Tuliufuata mshale wa kifaa kwa utiifu mkubwa, nao ukatuingiza uani kwa watu, katikati ya sherehe ya mahari. Mwenye nyumba akainuka kuuliza tu jamaa wa upande gani: "Karibuni. Muko ba famille ya bwana ao ya bibi?" Maman akakitazama kifaa, akamtazama ng'ombe wa mahari, akajibu bila kusita: "Papa, siye tuko ba famille ya kiboko." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tulikalishwa, tukalishwa wali na nyama ya mbuzi, na hakuna aliyetuachia mpaka bibi harusi apite kutusalimu. Tulipotoka ndipo akatueleza: ramani ile ya enzi za ukoloni ilichorwa kwa kipimo kimoja cha umbo la dunia, na kifaa kilikuwa kimewekwa kipimo kingine, hivyo namba zilezile zikawa zinataja mahali pawili. Akabonyeza vitufe, mshale ukageukia mtoni, na viboko tukawakuta wamezama hadi puani, masikio yakichezacheza.

Lakini aliyempenda kuliko wote ni korongo, yule mwenye taji la dhahabu kichwani. Alimtafuta misimu mingi kwenye ramani na kwenye matope, mpaka akapata kiota nyuma ya mashamba ya mpunga ya Luberizi, na ndani yake makinda. Furaha ilimzidi. Alikuwa mtu wa kugawa. Akatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake namba za mahali. Picha ikapendwa, ikatumwa huku na kule, ikafika kwa watu tusiowajua. Tuliporudi, kiota kilikuwa kitupu na korongo wawili wakubwa walikuwa wakizunguka majini wakilia. Mama mmoja mwenye shamba pale alituambia, jembe begani: "Balikuya na pikipiki, telefone mu mikono. Balienda sawasawa pale pale, bila kuuliza mutu njia. Bakabeba batoto ya ndege mu kikapo."

"Ni miye nilibaonyesha," maman akasema.

"Weye?"

"Nilituma fasi ya kiota mu telefone, maman. Nilifikiri niko nafanya muzuri."

Yule mkulima akashusha jembe. "Basi usikae kulia mu mupunga yangu. Sema utatengeneza namna gani."

Wakakaa juu ya tuta, wakazungumza mpaka jua likawa kali. Jioni ileile maman aliwaandikia wote kundini kwamba kosa lilikuwa lake, akaifuta alama ya kiota. Tangu hapo, aliyemwomba namba za korongo alipewa namba za nyumba ya yule mkulima. Mgeni alifika pale, akasalimu, akangoja; wenye mashamba wakaamua kama ndege wanaweza kutazamwa siku hiyo. Msimu uliofuata pikipiki zilirudi. Wanaume waliokuwa juu yake waliulizwa wanakwenda kwa nani, wakakosa jina la kutaja, na shamba zima likawafukuza kwa kelele. Makinda wa mwaka ule waliota taji.

Siku hizi kila mmoja wetu ana ramani mfukoni. Tunatumiana mahali pa harusi, pa msiba, pa kupumzika kando ya ziwa, na tunafika bila kumsalimu hata mtu mmoja njiani. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini simu imetufanya tuone haya kuuliza. Maman alizipenda namba kuliko yeyote ninayemjua, na aliendelea kuzisoma hadi macho yalipochoka. Alichotuachia ni hiki: ukipenda kitu hadi ukatamani wengine wakione, watume kwanza kwa mtu anayeishi nacho.