Bundi Aliyeitwa Mutiso

Saa tatu asubuhi, punda ameshaiacha Kangundo nyuma na anapanda mlima kuelekea Kathiani. Mkokoteni umebeba mashine ya video na televisheni iliyofungwa kwa blanketi. Kanda yenyewe Kasyoki ameibeba kifuani, ndani ya leso, kama mtoto mchanga.

Ni Agosti 1999, na mahindi yamekauka mashambani. Kasyoki, mwenye miaka 41, huonyesha katuni moja tu: hadithi ya mwana wa mfalme aliyerogwa akawa bundi. Kanda inaongea Kiingereza. Yeye husimama kando ya kioo akiigeuza kwa Kiswahili na Kikamba. Kiingilio ni shilingi kumi.

"Hii ndio shamba yangu," anasema. "Imenisomeshea mwanangu Ndanu mpaka sekondari."

Leo shamba hilo linaweza kwisha. Mwezi uliopita, bundi alipotua dirishani kwa msichana wa hadithi, Mama Syokau alisimama akatoka, na akina mama wote wakamfuata. Pande hizi, bundi akilia karibu na nyumba, watu huanza kuulizana nani atazikwa. Kasyoki aliwakimbilia mlangoni.

"Rudini! Hiyo ni njiwa ya Ulaya! Imenenepeshwa na baridi!"

Hakuna aliyemwamini. Mzee Maundu, anayeshika ufunguo wa ukumbi wa kanisa, ambao peke yake hapa Kathiani una stima, alisema atakaa mbele ajionee. Asiporidhika, ukumbi utafungwa.

Ukumbini, madirisha yanazibwa kwa magunia. Kwanza, kwenye kioo, theluji inashuka polepole juu ya msitu.

"Unga," Kasyoki anasema kwa sauti ya chini. "Unga unanyesha usiku kucha, na hakuna mtu anapiga foleni."

Ukumbi mzima unashusha pumzi.

Halafu msichana anashona shati kwa mwanga wa mwezi. Sindano inazama, inaibuka, uzi unang'aa kama umande. Halafu mabawa. Bundi anatua, na mabenchi yanalia.

"Mama Ndanu," Mzee Maundu anauliza, "hiyo ni njiwa?"

Kasyoki anamgeukia.

"Hapana, mzee. Ni bundi. Kila mahali anarushiwa mawe. Lakini hajaleta kifo. Anatafuta mtu wa kumwita jina alilopewa na mamake."

"Jina gani?"

"Mutiso."

Kwenye kioo msichana anayatazama macho yale makubwa, hasemi kitu. Theluji inamlemea ndege mabawani.

"Si umwite!" sauti inapasuka kutoka nyuma. "Mtoto wa wenyewe anaganda!" Ni Mama Syokau.

"Mutiso!" akina mama wanaita. "Mutiso!"

Manyoya yanaanza kuanguka, na hapo picha inapotea. Kioo kinajaa chenga nyeupe. Kanda ilikuwa imechakaa hapo tangu Kasyoki ainunue mtumba Machakos mjini, 1994. Haachi kuongea. Anawaoza wawili hao ndani ya chenga zile, mbuzi za mahari akizitaja moja moja, na hakuna anayebandua macho.

Mzee Maundu anauweka ufunguo juu ya televisheni. "Jumamosi ijayo usiniletee njiwa."

Mzee Maundu alifariki 2002. Ukumbi sasa ni stoo ya mahindi. Punda aliuzwa Konza. Ndanu anafundisha chekechea. Mama Syokau bado yupo, na haketi karibu na dirisha. Kanda ilikatika 2003. Kasyoki anauza maembe sokoni Kathiani, na anatafuta kanda nyingine kama ile, kwa sababu mwisho hajawahi kuuona.

"Nimewaoza miaka tisa," anasema, "na sijui kama walioana."