Barakoa za Wageni

Kaka yangu tulimwita Manjano, na jina hilo hakulipata kwa uzuri. Alikuwa akichekecha unga wa rangi kiwandani, na jioni akirudi hata kope zilikuwa za manjano. Shuka zake nilifua mimi, dada mtu, nikasuuza mpaka vidole vikakunjamana, na maji bado manjano.

Barakoa zilikuwepo, msije mkasema hazikuwepo. Nyeupe pepepe, kwenye kabati la msimamizi, ufunguo kiunoni mwake. Zilitoka siku ya wageni tu. Wakaguzi wakija, kila mtu pua na mdomo vimefunikwa; wakiondoka, zinakusanywa, zinafuliwa, zinafungiwa. Eti zikivaliwa kila siku zitachafuka. Loo, mtu mzima na ndevu zake anaonea huruma kitambaa!

Badala yake akawagawia maziwa, bilauri moja moja wakitoka kazini, eti yanaosha kifua. Na wale wapumbavu wakanywa, kaka yangu mbele. Nikamwambia maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, vitakutana wapi? Akanicheka, akasema bosi wao ana utu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kikohozi kilipokuja hakikuaga tena. Ngazi za mlango wetu, ambazo hata kuku anazipanda, yeye alizipanda kwa kupumzika. Daktari akatazama picha ya kifua, akasema mapafu yamekakamaa kwa vumbi na hayatarudi yalivyokuwa. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, lakini akirudi kwenye unga ule, atakwisha. Unadhani alisikia? Alisema akipata nafuu kidogo tu anarudi, hawezi kumwangusha bosi. Nililia kwa hasira, nikamwambia basi achague kabisa na sanda, aichague ya manjano.

Ndipo msimamizi akaja kumjulia hali. Mkononi pakiti za maziwa, na usoni, haki ya Mungu, barakoa. Aliogopa kuambukizwa, mwanamume huyo. Hakuvuka kizingiti, alisema kutoka mlangoni kwamba nafasi ya kaka ipo, apone upesi. Nilimtazama kuanzia viatu hadi kipara nikakosa pa kumtemea.

Kaka alikuwa akiikodolea macho ile barakoa. Akajiinua kwenye mto, akavuta pumzi, akavuta tena, mpaka akaipata ya kutosha.

"Bosi," akasema, "kwani leo kuna wageni?"