Maji Aliyonyimwa Sylvester

Watu wa Ndandalo walimjua Naomi kwa samaki. Mbasa wa ziwani aliyepita mikononi mwake, akapasuliwa na kupakwa chumvi, hakuoza hata mvua zikigoma kukatika. Walimjua pia kwa kumdekeza mumewe, Sylvester. Wanawake wenzake walimcheka kwa hilo, naye hakujali hata kidogo.

Mwaka wa tisini na mbili, maduka ya mtaa wa Mbugani yalikuwa yamefurika vitu vya soko huria, redio, mitumba na sabuni za kila rangi. Kipindupindu nacho kikaingia bila kukaribishwa. Sylvester akaanza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Kila kikombe alichokunywa kilitoka maradufu, basi Naomi akaona dawa ni kumnyima maji. Akauficha mtungi. Mume akaomba, akabembeleza, naye akaishia kumpangusa midomo kwa kitambaa huku roho ikimuuma. Mapenzi ndiyo yaliyomtuma, na yalikuwa yanamuua mtu.

Majirani wakambeba Sylvester hadi kambi ya wagonjwa, macho yamedidimia, sauti haitoki. Dripu zilikuwa chache, wakawekewa waliokwisha kupoteza fahamu. Muuguzi Shamsa akamkabidhi Naomi jagi la maji yenye sukari na chumvi.

"Mnyweshe, mama. Kijiko kwa kijiko, usiache."

"Nesi, si yatatoka yote?"

"Yatatoka mengi, si yote. Utumbo wake haujachubuka. Sumu ya ugonjwa imeziingia chembe za ukuta wa utumbo, ikaziamrisha zitoe chumvi, na amri hiyo haikomi. Chumvi ikitoka, maji ya mwili yanaifuata."

Hilo Naomi alilielewa upesi, maana kila siku aliona chumvi ikivuta maji kutoka kwenye mnofu wa samaki. Akalisukuma jagi kando.

"Sasa unamwongezea chumvi ili akauke kabisa?"

Shamsa hakumcheka. Alichuchumaa karibu yake. "Ugonjwa umefungua mlango wa kutokea. Wa kuingilia haukuufunga. Chumvi ikiongozana na sukari inapita hapo, na maji yanazifuata ndani. Ukimnyima, mama, anakwisha."

Naomi akashika kijiko, akaanza kumnywesha. Ndoo chini ya kitanda iliendelea kujaa, na kila ilipomwagwa aliona kana kwamba mumewe ndiye anayemwagwa. Alitamani kuacha. Hakuacha.

Kesho yake mchana Sylvester akamtazama. "Mama Tuntufye," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mbona ulinificha maji?"

"Nilidhani nakuokoa, baba Tuntufye. Nisamehe."

Sylvester akaanza kulia. Naomi alishtuka kuona maji yakimtoka tena, akamwita Shamsa kwa kelele. Shamsa akaja mbio, akagusa shavu la mgonjwa, akatabasamu.

"Mtu aliyekauka hana machozi, mama. Maji yameingia."

"Ndaga, nesi," Naomi alishukuru, kisha akamwinamia mumewe, yeye mwenyewe sasa analia. "Lia, baba Tuntufye. Lia tu, mume wangu, nitakunywesha mengine."